Kadi ya Baba, Daftari la Mama

Kwenye kabati la baba yangu kulikuwa na bahasha ya kaki ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Ndani yake alihifadhi stakabadhi za kahawa, zimepangwa msimu kwa msimu na kufungwa kwa mpira, pamoja na kadi ya uanachama wa chama cha msingi cha kijiji chetu, kilichoko mlimani juu ya mji wa Moshi. Kadi ilikuwa na jina lake na namba yake. Aliyechuma kahawa hiyo alikuwa mama. Ndiye aliyeimenya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, akailoweka, akaiosha, akaianika kichanjani na kuamka usiku kila aliposikia dalili ya mvua, kisha akaibeba kichwani hadi kwenye mizani ya chama. Lakini karani alipoandika stakabadhi aliandika jina la baba, kwa sababu mibuni ilikuwa ya baba, na mibuni ilikuwa ya baba kwa sababu kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, kilikuwa chake, alichokirithi kwa babu. Sikumbuki mtu yeyote akilalamika. Baba alikuwa mtu mwema, fedha za kahawa zilitulipia ada, na mama mwenyewe alikuwa akisema "kahawa yetu". Baba alipofariki, kadi ilihamia kwa kaka yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mingi Dar es Salaam na hakuwa ameshika kikapu cha kuchumia tangu alipomaliza shule ya msingi. Mama aliendelea kuchuma.

Nimeikumbuka bahasha hiyo mara nyingi tangu nilipoanza kufuatilia mjadala wa kile kinachoitwa uchumi jamii, au kwa jina refu zaidi, uchumi wa kijamii na wa mshikamano. Jina ni jipya masikioni mwetu, ingawa mambo yenyewe ni ya zamani: vyama vya ushirika, vyama vya kusaidiana, asasi, biashara zinazoanzishwa ili kutatua tatizo la jamii, na vikundi vya kujisaidia vya kila aina. Mwezi Juni 2022 Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani ulipitisha azimio lililoeleza uchumi huo ni nini: ni shughuli zinazofanywa kwa manufaa ya pamoja, kwa hiari na kwa kusaidiana, zikiendeshwa kidemokrasia na kwa uhuru, na ambazo katika kugawana ziada zinamtanguliza mtu na lengo la kijamii mbele ya mtaji. Tarehe 18 Aprili 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likapitisha azimio lake la kwanza kuhusu jambo hilo, na mwaka 2025 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika, kama ulivyokuwa mwaka 2012.

Sina ugomvi na maelezo hayo. Ninachoona kimekosekana katika mazungumzo mengi ni swali la mlangoni: ili mtu aingie katika chombo hicho cha pamoja, anadaiwa aje na nini mkononi? Ushirika wa kahawa ulidai mibuni. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, kinadai hisa ya kila wiki. Mkopo wa halmashauri unadai kikundi kilichosajiliwa. Kila kimoja kati ya hivi kimewainua watu waliokuwa wamesahaulika, na kila kimoja, kwa kitu kilekile kinachokifanya kiwe imara, kimewaacha wengine wamesimama nje. Nitaeleza kwa kufuata kadi ya baba na daftari la mama, kwa kuwa ndivyo ninavyovijua.

Kahawa iliingia Kilimanjaro kupitia misheni ya Wakatoliki ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wachaga walipoanza kuipanda katikati ya migomba yao, walowezi wa Kizungu hawakufurahi. Walidai kwamba mibuni ya Waafrika ingeeneza magonjwa, na nyuma ya dai hilo kulikuwa na hofu nyingine, kwamba mtu mwenye kahawa yake mwenyewe hatakubali kuwa kibarua katika shamba la mwingine. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, kilichoongozwa na Joseph Merinyo, ili walinde haki yao ya kulima zao hilo, wapate dawa za kupulizia mibuni kwa pamoja na kutafuta soko. Baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya 1932, nafasi yake ikachukuliwa na chama kikuu, Kilimanjaro Native Co-operative Union (KNCU), kilichoandikishwa mwaka 1933 kikiwa na vyama vya msingi chini yake. Haukuwa mradi wa mfadhili, na hakuna aliyewalipa posho ya kikao. Walikuwa watu waliotaka kubaki na kahawa yao.

Ni rahisi leo, baada ya habari nyingi za madeni na wizi katika vyama, kusahau jinsi mpango huo ulivyokuwa na akili. Mkulima mwenye mibuni 200 katikati ya migomba hana la kusema mbele ya mnunuzi; magunia yake mawili hayajazi hata kona ya lori. Wakiwa maelfu, na kahawa yao ikipimwa kijijini, ikakusanywa, ikakobolewa kiwandani Moshi na kuuzwa kwa mafungu kulingana na daraja, wanaweza kulipwa kwa ubora badala ya kulipwa kwa shida waliyonayo siku hiyo. Ndiyo maana kulikuwa na malipo ya awali mkulima anapopima, na malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa. Malipo ya pili yalikuwa na maana kubwa kuliko kiasi chake: yalikuwa ushahidi kwamba mkulima bado ana haki juu ya kahawa iliyokwisha kutoka mikononi mwake. Baba aliyasubiri kama watu wanavyosubiri barua. Kanda ya Ziwa, kwenye pamba, harakati zilianzia mizanini, wakulima walipoweka wapimaji wao wenyewe kwa sababu hawakuuamini uzito waliotajiwa na wanunuzi. Kutoka hapo Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama ambavyo mwaka 1955 viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, mojawapo ya vyama vikubwa kabisa barani Afrika vilivyokuwa vikiendeshwa na Waafrika wenyewe.

Hata hivyo, lile neno "hiari" lilianza kuchakaa mapema. Mwaka 1937 wakulima wa Kilimanjaro walifanya ghasia wakipinga kulazimishwa kuuza kahawa yao kupitia KNCU peke yake. Yaani chombo kilichozaliwa ili mkulima asilazimishwe na mtu kilikuwa tayari kinatumia amri ya serikali ya kikoloni kumlazimisha. Baada ya uhuru hali ikawa pana zaidi. Vyama viliundwa kwa haraka nchi nzima, hata mahali ambapo hapakuwa na wakulima walioviomba wala makarani waliojua kutunza vitabu, na kamati maalumu iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ikakuta wizi, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, wanachama wasioelewa haki zao na siasa iliyoingia hadi ghalani. Badala ya kutibiwa, mgonjwa alizikwa: Mei 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu kwa mkupuo mmoja, na kazi yao ikagawanywa kati ya vijiji na mamlaka za mazao. Vilirudishwa kwa sheria ya 1982, lakini vilirudi kama mtu anayerudi katika nyumba aliyohamishwa na kukuta fanicha zimekwenda.

Kisha mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na miaka michache baadaye soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi waliokuja mpaka kihambani na fedha taslimu. Sikuwahi kuwalaumu waliowauzia. Mtu mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada hawezi kusubiri malipo ya pili. Majirani zetu wengi waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi; baba hakung'oa, alipunguza tu, na kwa miaka kadhaa ile bahasha haikuongezeka unene.

Katika historia yote hiyo, ambayo husimuliwa kama historia ya wakulima dhidi ya walowezi, kisha wakulima dhidi ya Serikali, kisha wakulima dhidi ya soko, mama yangu haonekani. Hakuna aliyemfukuza. Kanuni ya kwanza ya ushirika duniani ni uanachama wa hiari na ulio wazi kwa wote, na hakuna sheria ya ushirika ninayoijua iliyomtaja mwanamke kwa kumkataza. Mlangoni waliuliza tu swali dogo la kikarani, "Mibuni yako iko wapi?", na jibu la swali hilo lilikuwa limekwisha kutolewa na mila ya urithi miaka mingi kabla. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba haki ya mwanamke ya kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Nimeisoma, ni sheria nzuri. Lakini sheria haisimami mizanini. Anayesimama pale ni karani, naye huandika namba iliyoko kwenye kadi.

Mama aliingia kikoba mwaka mmoja baada ya msiba. Alialikwa na mama mmoja wa jumuiya, ambaye alimwambia kwamba wanatafuta mtu mmoja ili watimie 30, na mama, ambaye hakuwahi kuwa na akaunti ya benki wala kadi ya chama chochote isipokuwa ya kliniki, akasema atakwenda kuangalia tu.

Watu wa mijini hupenda kuvicheka vikoba, kama kwamba ni mahali pa sare na umbea. Inafaa wajue kwamba mbinu hii ina ukoo mrefu. Njia ya kuweka na kukopeshana kwa hisa bila fedha ya nje ilianza kuenezwa mwaka 1991 huko Maradi, Niger, na shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini. Kutoka huko ilisambaa katika nchi nyingi za Afrika, na kwetu ilifika mwanzoni mwa miaka ya 2000, Zanzibar kandokando ya msitu wa Jozani, na bara kwa jina la Vicoba. Ilipofika haikukuta ardhi tupu. Wanawake walikuwa na mchezo wao wa kupeana, majirani zetu Wapare walikuwa na msaragambo, yaani kazi za pamoja za kijiji, na kila kijiji kilikuwa na utaratibu wake wa kuchangia msiba. Kilichoongezwa ni hesabu.

Na hesabu hiyo ni ya kupendeza. Katika kikundi cha mama, hisa moja ilikuwa shilingi 2,000, na kila Jumatano mwanachama aliruhusiwa kununua kuanzia hisa 1 hadi 5. Kikomo cha juu kimewekwa makusudi ili mwenye nazo asikimeze kikundi. Kila mmoja alitoa pia shilingi 1,000 za mfuko wa jamii, ambao haukopeshwi kwa riba, ni wa msiba, ugonjwa na majanga kama moto. Fedha zilikaa katika sanduku la chuma lenye kufuli 3. Funguo walishika wanawake 3 wanaokaa sehemu tofauti za kijiji, na sanduku lilikaa kwa mweka hazina ambaye hakuwa na ufunguo hata mmoja. Kikao kikianza, kabla sanduku halijafunguliwa, mwenyekiti huuliza salio la wiki iliyopita, na wanachama hulitaja kwa sauti kwa kukumbuka. Kisha sanduku hufunguliwa, fedha huhesabiwa mbele ya wote, na ikiwa zinalingana, watu hupiga makofi. Nilipohudhuria mara ya kwanza nilidhani makofi yale ni mbwembwe. Baadaye nilielewa kwamba ule ulikuwa ukaguzi wa hesabu, unaofanywa kila wiki na watu 30, bila gharama, tena na wakaguzi ambao fedha ni zao. Vyama vingapi vya ushirika vilivyoanguka vilikuwa na ukaguzi wa namna hiyo?

Mkopo haukuzidi mara 3 ya hisa za mkopaji, ukiwa na wadhamini kutoka miongoni mwao, na riba ya asilimia 10 iliyorudi sandukuni. Anayenunua hisa 3 kila wiki kwa wiki 50 anakuwa amejiwekea shilingi 300,000, na mwezi Desemba, kabla watu wa mjini hawajapanda mlimani kwa Krismasi, kikoba huvunjwa na kila mtu hupokea fedha zake pamoja na sehemu yake ya riba na faini. Kwa mgao wa kwanza mama alinunua mabati. Kwa mkopo wa mwaka wa pili alinunua ndama wa ng'ombe wa maziwa. Mabati na ndama si maajabu, kilichonishangaza mimi ni pale nilipoenda likizo nikamkuta akibishana na kaka yangu kuhusu kukata migomba ya upande wa chini, akasema kwa utulivu, "Hapana, mimi pale nina mpango." Sikuwahi kumsikia akitumia neno hilo kwa nafsi ya kwanza.

Wanaotaka kupima mchango wa uchumi jamii hutafuta takwimu za pato na ajira, na wana haki ya kuzitafuta. Ningependa waangalie pia kitu kinachozuiwa kutokea. Kijijini kwetu, kama ilivyo sehemu nyingi za nchi, wapo wakopeshaji wa mitaani ambao mikopo yao watu huiita kausha damu. Hudai marejesho ya kila siku au kila wiki, hushikilia kadi ya benki ya mwalimu au televisheni ya mama lishe, na akichelewa humfuata hadi sokoni. Mwanamke mwenye kikoba akiuguliwa na mtoto usiku ana mahali pa kupiga simu. Asiye nacho huenda kwa kausha damu. Tofauti ya maisha ya wanawake hao wawili baada ya miaka 3 ni kubwa, na haionekani katika ripoti yoyote kwa sababu ugonjwa ulikuwa uleule na mtoto alipona kwa wote wawili.

Sasa nirudi mlangoni, kwa sababu nami nilikuwa na kawaida ya kuvisifu vikoba na kuishia hapo.

Kiwango cha chini kabisa katika kikundi cha mama kilikuwa shilingi 3,000 kwa wiki, yaani hisa 1 na mfuko wa jamii. Kwa mwenye ng'ombe wa maziwa au genge la mboga ni jambo la kawaida. Kwa mwanamke anayelima vibarua, ambaye wiki hii ana kazi ya siku 4 na wiki ijayo hana hata moja, ni kiwango kinachomfanya adaiwe faini mbele ya watu, na mtu maskini huogopa aibu kuliko njaa. Msichana wa kazi za ndani hawezi kuja Jumatano saa 10 jioni. Bibi anayelea wajukuu watatu ataulizwa kwa upole kama hana mtoto wa kumdhamini. Tena wanaochagua wanachama ni wanachama wenyewe, nao huchagua watu wanaofanana nao: wake za watu wanaojulikana, wenye nyumba isiyohamishika. Ndivyo uaminifu unavyofanya kazi. Kikundi hakina mahakama wala dhamana ya hati. Kina kujuana tu, na asiyejulikana au anayejulikana kwa shida zake huonekana kuwa hatari. Kwa hiyo kile kinachofanya mkopo urejeshwe ndicho kinachomfungia mlango mtu ambaye angeuhitaji zaidi.

Niliona jambo hilo likijaribiwa mara moja. Fundi cherehani mmoja wa kijijini, mwanamke ambaye ni kiziwi, aliomba kujiunga. Kipato alikuwa nacho, pengine kuzidi nusu ya waliokuwamo. Kizuizi kilikuwa kwamba kikao chote huendeshwa kwa sauti: salio hutajwa kwa mdomo, hisa hutangazwa, faini husomwa. Walibishana wiki mbili, na wapo waliosema bila ukatili wowote kwamba "atapata shida bure". Mwishoni mama mmoja, mwalimu mstaafu, alileta ubao mdogo wa chaki na kuanza kuandika kila tarakimu iliyotajwa. Yule fundi aliingia. Kilichofuata hakikutarajiwa na mtu: ilibainika kwamba wanachama kadhaa, wenye masikio mazima, walikuwa wamepiga makofi mwaka mzima bila kufuata hesabu, na sasa walikuwa wanainua mikono kuuliza ile 4,500 ilitoka wapi. Ubao bado uko. Katibu wa wakati ule hakuupenda sana.

Serikali nayo imejaribu kufungua mlango wake. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa nia, ni mojawapo ya hatua nzuri zaidi za ujumuishi tulizowahi kuandika katika sheria. Kwa utekelezaji, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilitaja mara kwa mara vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, utoaji ukasimamishwa mwaka 2023, na ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu uliorekebishwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuombwa na rafiki niandike jina langu ili kitimie kikundi cha vijana wafugaji wa kuku ambacho sikuwahi kuona hata yai lake. Nilikataa, na ningependa kusema ni kwa sababu ya uadilifu, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kudaiwa.

Ukiangalia vizuri, tatizo hapo ni lilelile la miaka ya 1960. Mlangoni wanadai kikundi, kwa hiyo watu hutengeneza kikundi, kama vile zamani walivyotengeneza chama kwa sababu mkuu wa wilaya alikitaka. Watu 10 wasiojuana vizuri, waliokutana kwa ajili ya fomu, hawana makofi wala funguo 3, wana mhuri. Wakipata fedha wanagawana, kwa sababu hakuna kingine kinachowaunganisha. Wakati huohuo kikundi cha mama, kilichokaa pamoja miaka 9, kilisajiliwa kufuatana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ambayo inavitambua vikundi vya kijamii kama daraja la 4 la watoa huduma, na hakikuwahi kuomba mkopo wa halmashauri hata mara moja. Nilimuuliza mama sababu. Alisema fedha ya mtu mwingine huleta watu wapya kwenye kikao.

Sisemi Serikali ikae mbali. Kuna kazi ambazo kikundi hakiwezi kujifanyia, na zote ni za kuchosha: ukaguzi wa vyama vinavyoshika mazao ya watu, mafunzo ya kutunza vitabu (chuo cha ushirika kipo hapohapo Moshi tangu 1963, na sasa ni chuo kikuu), kesi zinazomalizika kabla mwizi hajazeeka. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 ilianzisha Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa kazi za namna hiyo, na mwaka 2025 nchi ilizindua Benki ya Ushirika, ambayo ikiwafikia wanachama wa vyama vya msingi kwa mikopo ya pembejeo itakuwa imefanya jambo la maana. Sanduku la kikoba limeanza kuhamia kwenye simu kupitia huduma kama M-Koba. Sina pingamizi, ila nashangaa kama watu watapigia makofi ujumbe mfupi. Lakini jambo ambalo ningelipigania kwanza halihitaji bajeti. Ni safu moja zaidi kwenye kadi ya chama cha msingi, ili kahawa ya nyumba moja iandikwe majina mawili, la mume na la mke, na stakabadhi itoke kwa wote wawili. Karani ataandika kile ambacho fomu ina nafasi ya kuandika.

Kwa vikoba nilikuwa na pendekezo jingine, nikalipeleka kwa mama kwa kujiamini kwa mtu aliyesoma. Nilitaka waweke hisa ndogo ya shilingi 500, wasiwe na faini kwa anayekosa wiki kwa sababu ya kukosa kazi, na sehemu ya mfuko wa jamii itumike kumlipia mtu hisa za mwezi wa kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba mazungumzo yao yanakwenda upande mwingine: biashara za wengi zimekua, bei za vitu zimepanda, na mkopo wa mara 3 ya hisa za shilingi 2,000 haumtoshi tena mtu anayetaka kununua ng'ombe wa pili. Walikuwa wanataka kuipandisha hisa iwe 5,000.

Walipiga kura siku ya mgao, mwezi Desemba uliopita. Mama alikuwa amechaguliwa mweka hazina, kwa hiyo hakupaswa kuonyesha upande, ingawa namjua na nadhani aliunga mkono kupandisha. Hoja zao zilikuwa nzuri. Vikundi vinavyobaki na hisa ndogo, walisema, huishia kukimbiwa na wenye mitaji, na kikundi cha wasio na mtaji pekee hakina cha kukopeshana. Kura zilikuwa 22 kwa 8. Wote walipiga makofi, wakagawana fedha, wakapika pilau.

Mwezi Januari mama alinipigia simu akiniomba nimnunulie daftari jipya la hesabu na kumpigia mistari kwa rula, kwa sababu macho yake siku hizi yanasumbua. Nilimuuliza nipige mistari 30 kama kawaida. Alinyamaza kidogo, akahesabu majina polepole kwa sauti, akarudia tena, kisha akasema nipige 26.